Mnyapara, Manamba na Ndugu: Ngazi za Kazi katika Msamiati wa Kiswahili

Historia ya matabaka katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kwa kutegemea majalada ya serikali na hesabu za mishahara. Msamiati wa kazi nao ni hifadhi ya nyaraka. Neno moja huweza kubeba amri na dharau ambazo karani hakuona haja ya kuziandika.

Neno "mnyapara" ni mfano mzuri. Asili yake ni Unyamwezi, ambako mnyampara alikuwa mzee mwenye mamlaka juu ya watu wake. Katika misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, wanyampara waliongoza wapagazi hadi pwani na kuwasemea mbele ya mwenye msafara. Mamlaka yao yalitegemea kukubalika, kwani wapagazi waliodhulumiwa waliweza kutoroka njiani, na mara nyingi walitoroka.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893. Mashamba yalipoenea, neno hilo likaingia shambani, lakini cheo chenyewe kikageuka. Mnyapara wa shamba aliwekwa na meneja, naye alimwakilisha meneja. Chini yake walikuwapo manamba, yaani vibarua walioandikishwa mbali, kama vile Songea na Kigoma, na hata Urundi na Msumbiji. Si sahihi kudai kwamba kiambishi ma- ndicho kinachobeba dharau hapa, kwani mabwana, makarani na mameneja nao hukichukua. Dharau imo katika shina: mtu ameitwa kwa tarakimu aliyopewa alipoandikishwa. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 ambayo ilipaswa kujazwa kabla ya mshahara kulipwa. Siku ambayo kazi yake haikukubaliwa haikutiwa alama. Nguvu ya msimamizi ilikuwa katika alama hiyo ndogo kuliko katika fimbo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta msamiati mwingine. "Bepari", neno lenye asili ya Kihindi lililokuwa na maana ya mfanyabiashara, likawa jina la adui wa kitabaka. "Umwinyi", uliotokana na cheo cha heshima cha pwani, ukawa istilahi ya mfumo wa kikabaila. "Ndugu" nayo ikapanda kutoka ukoo hadi ofisini, ikatangulia majina ya mawaziri na ya matarishi vilevile.

Mwaka 1960 Roger Brown na Albert Gilman walionyesha kwamba maneno ya kuitana huongozwa na mihimili miwili, yaani mamlaka na mshikamano. Kipimo ni kama pande zote mbili huitana kwa neno lilelile. Kwa kipimo hicho, "ndugu" ilifaulu zaidi katika barua na mikutano kuliko mlangoni pa meneja. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokemea majivuno na ubabe wa viongozi, wafanyakazi waliuchukua kama ulivyoandikwa. Katika miaka iliyofuata, viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilishuhudia migomo, na baadhi ya mameneja walifungiwa nje. Madai yao hayakuwa ya mshahara tu. Walilalamikia pia lugha ya matusi. Dola iliyokuwa imewaita ndugu iliwafukuza kazi baadhi yao. Hapo ndipo ulipoonekana mpaka wa neno hilo.

Baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 na mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992, "mheshimiwa" ilishika nafasi kubwa katika mazungumzo ya serikali na Bunge, huku "ndugu" ikibaki hasa katika chama. Mabadiliko hayo yalipita bila mjadala mkubwa, jambo ambalo ni la kushangaza kuliko mabadiliko yenyewe. Tarishi hakuitwa mheshimiwa.

Mnyapara naye hakupotea. Gerezani, jina hilo hupewa mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzake.