Koltani ndani ya kompyuta ya zamani: kwa nini IBM PC ya 1981 hukataa kuwaka

Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya Marekani IBM ilitangaza kompyuta ya mezani iliyoitwa IBM PC, aina ya 5150. Ilitengenezwa Boca Raton, jimbo la Florida, na kikundi kilichoongozwa na Don Estridge. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, na kumbukumbu yake ya kuanzia kilobaiti 16 tu. Kompyuta nyingi za mezani ambazo leo ziko katika maofisi ya Goma na Bukavu zimetoka katika ukoo wa mashini hiyo.

Sasa mashini hizo zimepita miaka arobaini. Zilizobaki hutunzwa kama vitu vya historia, na watunzaji wake wanajua vizuri shida moja: mtu anapandisha kiwashio kikubwa chekundu cha ubavuni, na hakuna kinachotokea. Mashini nzima hujipima yenyewe kwanza, kisha hutoa mlio mfupi mmoja. Mlio ukikosekana na kioo kikibaki cheusi, wengi husema imekufa. Mara nyingi haijafa. Inajikinga.

Sanduku la umeme la 5150, lenye nguvu ya wati 63.5, hupokea umeme wa ukutani na kuugawa katika njia mbalimbali, zikiwemo za volti 5 na volti 12. Njia moja ikipata shoti, sanduku hukata umeme mara moja ili vitu vingine visiungue. Kwa hiyo kazi ya fundi si kubadilisha mashini yote, bali kutafuta shoti iko wapi.

Katika mashini hizi, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu. Ni kipande kidogo kama punje ya haragi, chenye miguu miwili, kinachotuliza umeme usipande na kushuka. Ndani yake mna unga wa tantalamu uliobanwa na kuchomwa, ukafunikwa na ngozi nyembamba sana inayozuia umeme kupita. Ngozi hiyo ikitoboka, kapasita inageuka kuwa shoti, na pengine inalipuka kwa moshi. Kwenye njia ya volti 12, kapasita nyingi za mashini hii ziliandikwa volti 16. Pengo hilo ni dogo. Mafundi wa leo huweka za volti 25 au zaidi.

Utafutaji wenyewe unaenda kwa mpango. Kwanza fundi anahakikisha volti za ukutani: mashini iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, na umeme wa Kongo ni volti 220. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiharibu. Kisha, waya ya umeme ikiwa imechomolewa ukutani, anatoa kadi za ndani. Anazirudisha moja moja, akijaribu kuwasha kila mara, na kuchomoa tena kabla ya kugusa kitu. Mashini ikiamka bila kadi fulani, shida iko katika kadi hiyo. Isipoamka hata kidogo, anatenga sanduku la umeme na kadi mama, na kwa multimetri anapima kati ya njia ya volti 12 na ardhi ya umeme. Namba ikiwa karibu na sifuri, shoti iko hapo. Anainua mguu wa kapasita moja baada ya nyingine mpaka namba ipande. Anapoweka mpya, anaangalia alama ya kujumlisha, kwa sababu kapasita ya tantalamu ikigeuzwa hupasuka. Sanduku la umeme lenyewe halifunguliwi ovyo: hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Jambo moja liliwasaidia sana mafundi. IBM iliuza kitabu cha ufundi chenye michoro ya nyaya za mashini hiyo. Kwa sababu ya kitabu hicho, mtu ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1981 anaweza leo kujua kila kapasita iko njia gani.

Tantalamu yenyewe iligunduliwa mwaka 1802 na Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden. Kapasita zake za aina hii zilianza katika maabara ya Bell, Marekani, miaka ya 1950. Zilipendwa kwa kuwa zinabeba chaji nyingi katika mwili mdogo. Na tantalamu hutolewa katika jiwe ambalo wakaaji wa Kivu wanalijua kwa jina la koltani.

IBM PC ilipotoka, Kongo ikiitwa Zaire, koltani ilikuwa ikichimbwa tayari. Huko Manono ilitoka pamoja na kasiteriti, jiwe la bati, na katika Kivu na Maniema kampuni ya Sominki ilifanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na makampuni yakadhoofika. Wachimbaji wa mikono wakachukua nafasi, kwa sururu na beleshi.

Mwishoni mwa mwaka 2000, wakati wa vita, bei ya koltani ilipanda ghafula, ikashuka tena mwaka 2001. Mwaka huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Marekani ilipitisha sheria ya madini ya vita mwaka 2010, na ile ya Umoja wa Ulaya ikaanza kutumika kamili mwaka 2021. Hata hivyo, mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, katika Masisi, penye mashimo makubwa ya koltani.

Mashini inayokataa kuwaka hutupwa kwa urahisi, hata pale kosa likiwa la punje moja. Anayeitupa anatupa pia koltani iliyobaki ndani yake, na jasho la waliolichimba jiwe hilo. Kabla ya kusema imekufa, multimetri ipite kwanza kwenye njia ya volti 12.