Bunduki ndogo dhidi ya wanyama waharibifu: Mambo ya kujua kwa mkulima wa Meru na Embu

Mahindi yanapofikia hatua ya kuchomwa, familia nyingi zinazopakana na msitu wa Mlima Kenya, kuanzia Imenti hadi Manyatta na Runyenjes, hugawana zamu. Watoto na akina mama hufukuza tumbili na kima mchana. Wanaume hukesha kwa ajili ya nungunungu na nguruwe mwitu. Nyanda za chini za Mbeere zina shida yake, kwani huko mtama na mawele huvamiwa na ndege, na mashamba yaliyo karibu na Hifadhi ya Mwea hutembelewa na ndovu na viboko.

Katika hali hiyo si ajabu kumsikia mkulima akiuliza kama bunduki ndogo haiwezi kumaliza udhia huu, na kama inaweza, anunue ipi. Ni maswali mawili tofauti, na la pili halina maana kabla ya la kwanza kujibiwa.

Sheria inasemaje

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Mei 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haikulegeza msimamo huo. Mnyama wa porini hawi mali ya mwenye shamba kwa sababu tu ameingia shambani. Anayemuua bila idhini anaweza kushtakiwa, hata kama mnyama huyo alikutwa na hindi mdomoni. Wenye mamlaka ya kumwondoa mnyama msumbufu, kwa kumhamisha au kumuua, ni maafisa wa shirika la wanyamapori nchini, KWS.

Hapo ndipo pana uchungu wa mkulima mdogo, na haufai kupuuzwa. Sheria hiyo hiyo iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Pia iliorodhesha wanyama ambao wakiharibu mazao mwenyewe anaweza kudai fidia, ndovu na nyati wakiwemo. Tumbili na nyani hawamo katika orodha hiyo. Yaani mnyama anayemfilisi mkulima wa ekari moja kidogo kidogo, kila siku, hafidiwi na hauliwi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni pengo la sheria linalopaswa kuzibwa bungeni. Kulijaza kwa risasi ni kujitafutia kesi.

Silaha yenyewe ina sheria yake. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na wakazi wa Meru na Embu wana kila sababu ya kukumbuka ukali wa enzi hiyo: chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki au hata risasi kinyume cha sheria kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi alihukumiwa kunyongwa mwaka wa 1956 kwa kupatikana na bastola. Adhabu hiyo ilikwisha na enzi yake, lakini msingi wa sheria umebaki ule ule, kwamba kumiliki bunduki Kenya si haki ya kila raia. Ni ruhusa inayoombwa, inayotolewa kwa sababu maalumu na inayoweza kufutwa.

Mwombaji hupitia kwa polisi hadi kwenye Bodi ya Leseni za Silaha. Huchunguzwa rekodi yake ya uhalifu, afya yake ya akili, uwezo wake wa kutumia silaha, mahali atakapoihifadhi na, zaidi ya yote, sababu ya kuitaka. Cheti hutaja bunduki yenyewe na kiasi cha risasi, na hufanywa upya kila mwaka. Desemba 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa silaha wachunguzwe upya, na waliokuwa na vyeti vya zamani wakalazimika kujitokeza. Jibu la "tumbili wananisumbua" halitoshi mbele ya bodi, kwa kuwa mwombaji huwa ameeleza nia ya kufanya jambo ambalo sheria nyingine inalikataza.

Basi bunduki ndogo ina kazi gani halali shambani? Kazi ni chache: kuua panya katika maghala makubwa ya nafaka, kuondoa mbwa koko wanaorarua mbuzi, tena kwa ushirikiano na afisa wa mifugo, na mchezo wa kulenga shabaha. Wanaohitaji zana hiyo kwa kawaida ni wenye mashamba mapana ya ngano na mifugo upande wa Timau na Buuri. Aliye na robo ekari ya kahawa na ndizi Imenti ya Kati hana haja nayo.

Ukubwa wa risasi ni nini

Katika habari za magazeti kila chenye mtutu huitwa bunduki, na msomaji huachwa akidhani zote ni mamoja. Risasi ndogo inayozungumziwa hapa ni ile ijulikanayo kama .22 LR, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1887 na ambayo hadi leo hutumiwa kwa wingi kote duniani. Namba hiyo ni kipenyo kwa inchi, takribani milimita 5.6.

Lakini kipenyo pekee hakisemi mengi. Bunduki nyingi za kijeshi hutumia risasi ya milimita 5.56, karibu sawa kabisa. Tofauti imo katika baruti iliyo nyuma yake na kasi inayotokana nayo: risasi ya kijeshi hutoka na nguvu ambayo ni takribani mara kumi ya ile ya .22 LR. Kwa upande wa chini ipo bunduki ya upepo, ambayo nayo huuzwa kwa vipenyo vya milimita 4.5 na 5.5. Hii haina baruti. Husukuma kidonge cha risasi kwa hewa iliyogandamizwa, na nguvu yake kwa zile za kawaida haifiki hata sehemu moja kwa nane ya.22 LR. Muuzaji anayesema "ni tuu-tuu tu" aulizwe ni ipi kati ya hizo. Na mnunuzi asidhani kwamba bunduki ya upepo ni kitu cha kuchezea kisichowahusu polisi. Aulize kituoni kabla ya kutoa pesa.

Risasi ya .22 LR ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Ikiwa vilengeo vimerekebishwa kwa umbali wa mita 50, risasi hiyo itakuwa imeshuka takribani sentimita 15 au zaidi ifikapo mita 100. Kwa hivyo masafa yake ya kutegemewa ni mita 75 hivi kwa mpigaji wa kawaida.

Hata hivyo, masafa ya kulenga si masafa ya kudhuru. Ikipigwa kuelekea juu kidogo, risasi hiyo hiyo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Anayempiga tumbili juu ya mparachichi anapiga kuelekea angani, na akimkosa, risasi itatua kwa mtu mwingine: bomani, barabarani, kwenye uwanja wa shule. Isitoshe, risasi hii ya mwendo wa wastani hupenda kuruka ikigonga jiwe au maji na kushika njia isiyotarajiwa. Katika miteremko ya Meru na Embu, ambako nyumba zimekaribiana na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, ni vigumu kupata pembe ya kupigia ambayo nyuma yake kuna udongo mtupu. Mwenye bunduki asiyeweza kuonyesha kwa kidole mahali risasi yake itakapozama hana budi kuirudisha kabatini.

Jambo jingine ni mateso. Risasi hii inatosha kwa panya. Kwa nyani dume au nguruwe mwitu, mara nyingi hujeruhi tu, na mnyama huondoka kwenda kufa vichakani baada ya siku kadhaa. Nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mpita njia. Maafisa wa wanyamapori hubeba bunduki kubwa kwa kazi hiyo kwa sababu hizo.

Kuchagua bunduki ya kutegemewa

Kwa aliye na sababu halali na cheti, uchaguzi si mgumu. Iliyo bora kwa kazi ya shamba ni bunduki ya bolti, yaani ile ambayo mpigaji huvuta bolti kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ina vipande vichache vya kuharibika, haichagui sana aina ya risasi, na humlazimu mtu kutulia kati ya mlio mmoja na mwingine. Zinazojipakia zenyewe, kama Ruger 10/22 iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1964, ni imara na zinasifika, lakini huhitaji usafi zaidi na risasi zenye nguvu ya kutosha kusukuma mtambo. Tena hukaribisha papara.

Katika Afrika Mashariki majina ya Brno na CZ, kutoka iliyokuwa Chekoslovakia, yana heshima ya miaka mingi. Ni bunduki za chuma kizito na mti, zisizo na madaha, na mitutu yake hudumu. Anschütz ya Ujerumani hulenga vyema zaidi, ila bei yake ni ya wanamichezo. Zipo pia BSA za Birmingham zilizobaki tangu enzi ya walowezi. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza bunduki za baruti miaka mingi iliyopita, kwa hivyo vipuri ni taabu kupata. Bunduki nzuri isiyo na pini ya akiba mwisho wake ni fimbo.

Anayenunua iliyokwisha kutumika aanze na mtutu. Atoe bolti, auelekeze kwenye mwanga na kuchungulia: mifereji iliyojipinda ndani yake inapaswa kung'aa na kuwa na kingo kali. Madoa meusi yenye vishimo ni kutu iliyokwisha kula chuma, na hakuna mafuta ya kuiponya. Kisha atazame mdomo wa mtutu, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu hapo hupotosha risasi. Ajaribu kizuizi cha usalama mara kadhaa bila risasi ndani, na kugonga kitako kwa kiganja huku bolti ikiwa imevutwa tayari. Kifyatulio kikijiachia, aondoke. Na kabla ya yote hayo alinganishe namba iliyochorwa kwenye chuma na ile iliyo katika hati za muuzaji. Namba iliyosuguliwa haina maelezo mazuri.

Kuhusu risasi, fataki ya .22 imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati. Ndiyo maana maganda yake hayawezi kujazwa tena, na ndiyo maana hushindwa kulipuka mara nyingi kuliko risasi kubwa. Ikitokea hivyo, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa nusu dakika kabla bolti haijavutwa, kwani huenda fataki inachelewa. Kila bunduki pia ina chapa ya risasi inayoipenda. Mwenyewe ajaribu chapa tatu au nne uwanjani, risasi tano tano kwa mita 50, na kushika ile inayoacha matundu yaliyokaribiana.

Ambapo bunduki haifai kabisa

Fuko, mharibifu mkubwa wa viazi na migomba katika nyanda za juu, huishi ardhini na hunaswa kwa mtego wa kijiti na waya ambao mafundi wa vijijini wanaujua kuliko mtaalamu yeyote. Kwelea nao huja kwa malaki. Ndege mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja humaliza tani 10. Hakuna idadi ya risasi inayoweza kushindana na hesabu hiyo. Taarifa za mapema kwa afisa wa kilimo kuhusu mahali yanapolala makundi ndizo huokoa mtama wa Mbeere. Kuhusu ndovu, ua wa umeme ulioanza kujengwa kuzunguka msitu wa Mlima Kenya mwaka wa 2012 na shirika la Rhino Ark kwa ushirikiano na serikali umefanya kazi ambayo bunduki za miaka mingi hazikuifanya.

Silaha ya marehemu

Limebaki suala moja linalozuka mara kwa mara katika familia za wazee waliowahi kuwa machifu, askari au wafanyakazi wa walowezi. Mzee anapofariki, bunduki yake hupatikana juu ya dari au chini ya kitanda, imefungwa gunia. Cheti kilikuwa chake yeye, na hakirithiwi pamoja na shamba. Mjane au mwana hapaswi kuitumia, kuiuza wala kumwazima jirani. Aende kwanza kituo cha polisi kilicho karibu, bila silaha, aeleze alichokipata, na kuomba maafisa waje kuichukua na kumpa stakabadhi. Baada ya hapo, mrithi anayeitaka ataanza maombi yake mwenyewe tangu mwanzo.