Waya Uliomkomboa Mfagizi
Waya wa kifyonza vumbi, unaolaumiwa leo kwa kumfunga mfanyakazi, ndio uliomkomboa. Mwaka 1901 jijini London, mashine ya kufyonza vumbi ya Hubert Cecil Booth ilikokotwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1907, James Murray Spangler, mfagizi wa duka huko Ohio aliyesumbuliwa na pumu, aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya kuwa kifyonza vumbi; kwa umeme wa ukutani, mtu mmoja akatosha. Atatokea wa kusema betri za sasa zimemaliza ubishi. Kwenye ngazi na ndani ya gari, ni kweli. Lakini betri huisha zamu ikiendelea, na mazulia ya ofisi hayasubiri ichajiwe. Kwa kazi ndefu, waya bado unastahili nafasi yake.