Tezi dundumio na eksirei ya meno, Nakuru

Tezi dundumio, kiungo chenye umbo la kipepeo kilichoko mbele ya shingo, ambacho hutoa homoni zinazoratibu matumizi ya nishati mwilini, huwa karibu na njia ya mionzi meno yanapopigwa eksirei, na ya mtoto hudhurika kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu mzima. Dozi yenyewe ni ndogo: picha moja ya ndani ya mdomo kwa kawaida haifiki mikrosiveti 10, ilhali mionzi ya asili duniani humfikia mtu kwa wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi itokayo katika miamba ya volkano, madoa ya kahawia ya meno hutambuliwa kwa macho, hivyo peke yake hayahitaji picha. Vifaa vya mionzi husimamiwa na mamlaka ya taifa ya udhibiti wa nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliacha kupendekeza kola ya risasi, yaani kinga ya shingoni, kwa kuwa mwale uliobanwa kwa umbo la mstatili hukinga vya kutosha. Lakini penye mashine kuukuu yenye mwale mpana, mzazi na amwombee mwanawe kola hiyo.