Kidonda Kilichopewa Jina Lisilo Lake

Leo tunaangalia saratani ya ngozi, na tunaanza na historia yake. Historia hii ina funzo moja kubwa: ugonjwa huu huonekana kwa macho mapema, lakini mara nyingi watu huupa jina lingine hadi wakati unapita.

Mwaka wa 1775, daktari mpasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu wafagiaji wa dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi nyumbani. Walianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo, wakipanda ndani ya mabomba membamba na kujaa masizi mwili mzima. Baadaye baadhi yao walipata kidonda kwenye ngozi ya sehemu za siri. Watu walidhani ni ugonjwa wa zinaa. Pott alieleza kwamba ilikuwa saratani, na chanzo chake ni masizi.

Pengine utasema, "Hayo ni ya wazungu." Je, wamkumbuka Bob Marley, mwanamuziki wa rege kutoka Jamaika? Kidonda kwenye kidole chake kikubwa cha mguu kilidhaniwa kuwa jeraha la kandanda. Kilipopimwa mwaka wa 1977, kilikuwa melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi, chini ya ukucha. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Ugonjwa ulienea, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha.

Hapa Afrika Mashariki, walio hatarini zaidi ni watu wenye ualbino, kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga na jua. Mwaka wa 1992, kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilianzishwa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC. Wataalamu wake wamekuwa wakienda vijijini kuwapima ngozi watu wenye ualbino. Kenya nayo, katika mwaka wa fedha wa 2011/2012, ilitenga shilingi milioni 100 kwa ajili yao, yakiwemo mafuta ya kuzuia jua. Sensa ya 2019, ya kwanza nchini kuwahesabu, ilipata watu 9,729.

Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Mtoto mwenye ualbino akitokwa na baka gumu usoni au sikioni, tusiseme, "Ni jua tu, litapona." Likiwa bado dogo, daktari anaweza kuligandisha kwa baridi kali au kulikata kwa upasuaji mdogo. Likiachwa likawa saratani kubwa, matibabu ni magumu na maisha yamo hatarini.

Basi mama, fanya hivi:

• Mara moja kwa mwezi, wakati wa kuoga, mwangalie mtoto uso, midomo, masikio, shingo, mgongo, mikono, viganja, nyayo na kucha. Jiangalie na wewe pia.

• Nenda kituo cha afya ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, doa linalokua au kubadilika rangi, mstari mweusi mpya chini ya ukucha, au kovu la zamani la moto linalofumuka tena.

• Mwenye ualbino apimwe na mtaalamu angalau kila miezi sita, hata kama haumwi. Avae kofia pana na mikono mirefu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidonda kisichopona usikipe jina wewe mwenyewe. Mpelekee daktari akipime. Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako.