Farasi Favel na wenye kumsugua

"Favel" ni neno lililokufa katika Kiingereza. Lilitoka kwa Kifaransa "fauve", rangi kama ya manyoya ya simba.

Sasa juu ya nini farasi wa hii rangi aliingia katika mambo ya kujipendekeza? Paris, kati ya 1310 na 1314, Gervais du Bus, karani wa mfalme, anahesabiwa mwandishi wa shairi refu: farasi Fauvel anakaa ndani ya jumba, wakubwa wa serikali na wa Kanisa wanasukumana kumsugua manyoya. F ya jina lake ni flatterie, L ni lâcheté. Karani wa mfalme kuandika vile, ni roho ngumu kweli!

Waingereza wakachukua usemi: "curry favel", kusugua Favel. Miaka ya 1500 wengi hawakujua tena Favel ni nani, wakasema "favour". Kamusi zinaandika vile mpaka leo.