UFUGAJI: Kabla ya kuhesabu mayai, jiulize nani atakayeyaatamia

WANAOTAKA kufuga kuku uani aghalabu huanza kwa swali moja: ni kuku yupi anayetaga mayai mengi? Swali hilo lina mashiko kwa mwenye banda la kuku elfu moja na mkataba wa kuuzia hoteli. Kwa mwenye nyumba anayekusudia kuweka kuku kumi na bata wanne nyuma ya jikoni, lipo swali linalotangulia, nalo ni hili: mayai hayo yataatamiwa na nani? Mfugo usioweza kujiendeleza hununuliwa upya kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na gharama hiyo ndiyo huvunja moyo familia nyingi zilizoanza kwa ari.

Tutazame kwanza kuku wa kienyeji, ambaye hudharauliwa kupita kiasi. Mtetea wake hutaga mayai kati ya 10 na 15, kisha huacha kutaga na kuyaatamia kwa siku 21. Akishaangua, huwalea vifaranga kwa majuma kadhaa kabla ya kurejea kiotani. Ndiyo maana kwa mwaka mzima mayai yake huwa baina ya 40 na 80, na wengi hukaribia ile idadi ya chini. Hata hivyo, wanaomcheka husahau kuhesabu kazi zake nyingine. Yeye ndiye mashine ya kuangulia, ndiye jiko la kuwapasha vifaranga joto na ndiye mlinzi anayemkabili mwewe, tena bila kudai umeme wala mshahara.

Isitoshe, kuku wa kienyeji si wa namna moja, na lugha yetu imewatofautisha tangu zamani. Kuchi, anayesifika hasa Lamu na kandokando ya pwani, ni mrefu, mwenye kifua kipana na nyama nyingi, lakini hutaga mayai machache na majogoo wake ni wagomvi. Usiwaweke wawili katika ua mmoja. Kishingo hana manyoya shingoni, na kilema hicho cha kuonekana ni neema kwake: manyoya yakipungua, joto la mwili hutoka kwa urahisi, hivyo huyastahimili maeneo ya jua kali kuliko wenzake. Kidimu ana manyoya yaliyojikunja kuelekea nje, naye pia hupunguza joto kwa njia hiyo, ila hafai mahali penye baridi na mvua ya mara kwa mara. Kwa mkazi wa Garissa au Lodwar, kishingo ni chaguo la busara. Kwa mkazi wa Limuru, sivyo.

Kinyume cha kuku wa kienyeji ni kuku wa mayai wa kisasa, mathalani ISA Brown. Huyu aliumbwa kwa uteuzi wa vizazi vingi ili atage mayai 300 na zaidi kwa mwaka. Hamu ya kuatamia imeondolewa karibu yote katika damu yake, kwa sababu mtetea anayeatamia ni mtetea asiyetaga. Aidha, anahitaji chakula kamili cha gramu 110 hadi 120 kila siku. Kuku kumi wa aina hiyo hula zaidi ya kilo moja kwa siku, na gunia la kilo 50 halifikishi siku 46. Mpunguzie chakula au umwachie ajitafutie wadudu na makombo, naye atapunguza mayai mara moja. Mwenye pesa za chakula na soko la mayai jirani atamfaidi. Asiye na hayo mawili na amwache.

Baina ya hao wawili wapo kuku walioboreshwa, na hapa ndipo wanunuzi huchanganyikiwa zaidi. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO, lina kuku wake wa kienyeji walioboreshwa katika kituo cha Naivasha. Kuroiler alizalishwa nchini India na kuingizwa Uganda mwaka 2010, kabla ya kuenea katika nchi jirani. Sasso asili yake ni Ufaransa, ilhali Kenbro alitolewa na kampuni ya Kenchic. Kwa jumla hawa hukua upesi kuliko kuku wa kienyeji, hutaga mayai mara mbili au zaidi ya yale yake, na hustahimili maisha ya nje kuliko kuku wa banda. Lakini ni walaji, na wengi wao hawaatamii, au huanza wakaacha mayai njiani yakapoa.

Lipo jambo la pili ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Kuroiler, Sasso na wenzao ni machotara. Ukiyaangua mayai yao nyumbani, vifaranga hawatatoka kama wazazi: mmoja atakua upesi, mwingine atadumaa, na kadiri vizazi vinavyosonga ndivyo sifa uliyoilipia inavyofifia. Anayetaka ubora uleule hulazimika kurudi kwa muuzaji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, njia ya wastani kwa ua wa kawaida ni kuweka mitetea wanne au watano wa kienyeji wanaojulikana kwa kuatamia vyema, kisha kuwawekea mayai yaliyorutubishwa ya kuku walioboreshwa. Mfugaji hupata vifaranga wenye mwili mkubwa, wakalelewa na mama ajuaye kazi yake. Jogoo mmoja huwatosha mitetea wanane hadi kumi. Abadilishwe kabla hajaanza kuwapanda binti zake.

Sasa tuwageukie bata. Yule tumwonaye vijijini na mitaani, mwenye nyama nyekundu usoni, ni Muscovy, ambaye asili yake ni Amerika Kusini. Bata wengine wote wa kufugwa wametokana na bata mwitu wa ukoo mwingine kabisa, na ndiyo sababu Muscovy akipandana nao huzaa watoto tasa. Muscovy hufaa sana mijini kwa kuwa hana makelele. Dume hutoa sauti ya kufoka tu. Hahitaji kidimbwi. Humtosha chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa ili asafishe macho na pua. Jike huatamia kwa siku 35 kwa uvumilivu usio kifani, na anaweza kuangua hata mara tatu kwa mwaka. Dume mmoja awe na majike wanne au watano. Kwa kuwa anaruka, mkate manyoya ya bawa moja, si yote mawili.

Pekin, bata mweupe kutoka China, hukua haraka na nyama yake ni nyingi, lakini mayai yake huangua kwa siku 28 na yeye mwenyewe ni mwatamiaji asiyetegemewa. Khaki Campbell wa Uingereza hutaga takriban mayai 300 kwa mwaka na kwa kawaida haatamii. Anayewatamani hao awe na Muscovy au mtetea wa kienyeji wa kuwaangulia. Hesabu ni rahisi: Muscovy aliyekwisha kuatamia mayai yake kwa siku 7 huongezewa ya Pekin, na akifikisha siku 14 huweza kuongezewa ya kuku, wote wataanguliwa pamoja.

Hata hivyo, bata na kuku wasilale banda moja. Bata humwaga maji, na matandiko yaliyolowa huzalisha vimelea vya kuhara damu vinavyowaua vifaranga wa kuku. Fauka ya hayo, bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili, huku kuku wakiteketea kwa siku chache. Kuku wachanjwe kideri kila miezi mitatu. Kwa vile chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, majirani huchanga na kuchanja siku moja.

Bata naye ana udhaifu wake mkubwa: aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoharibika. Vifaranga wa bata huathiriwa na kiasi kidogo mno ambacho kuku angekistahimili. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo kwa mazoea hutupiwa ndege wa uani, wasipewe kamwe.

Unaponunua vifaranga, uliza tarehe walipoanguliwa na chanjo walizopewa, hususan ya Marek ambayo hutolewa siku ya kwanza. Jihadhari na vifaranga wa bei ya chini mno wanaotembezwa sokoni: huenda wakawa majogoo wa kuku wa mayai, ambao hawatagi na nyama yao ni haba. Vifaranga wa ISA Brown hutambulika kwa rangi, kwani majike huwa ya kahawia na madume hukaribia weupe. Wageni wote watengwe kwa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.